Muda Kwanza, Fedha Baadaye: Mwongozo Kamili kwa Mzazi wa Moshi Anayetaka Kuwekeza kwa Watoto Wake

Kila Januari, tangu wiki ya kwanza hadi watoto wote wawe wamesharipoti shule, ofisi yetu hujaa wazazi. Ninafanya kazi kwenye chama cha akiba na mikopo hapa Moshi mjini, na fomu zinazopita mezani kwangu nyingi ni za mkopo wa ada. Ukizisoma kwa makini utashangaa: sehemu kubwa ya fedha hizo inakopwa kwa ajili ya watoto wadogo kabisa, wa chekechea, darasa la kwanza na la pili. Ada ya shule ya kulipia, gari la shule, wakati mwingine bweni. Kisha mtoto huyohuyo anapofika kidato cha sita au chuo, pale ambapo fedha inahitajika kwelikweli, mzazi anakuta hisa zake zimeshikiliwa na deni la zamani na wadhamini wamechoka.

Mwongozo huu una hoja moja, na kila hatua iliyo hapa chini inaitumikia. Mtoto wa chini ya miaka minane anahitaji zaidi muda wako. Kijana wa miaka kumi na nne kwenda juu anahitaji zaidi fedha yako, na wakati huo hana namna nyingine ya kuipata. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunamwaga fedha mtoto akiwa mdogo ili kufidia kutokuwepo kwetu nyumbani, halafu akishakuwa mkubwa tunabaki na muda mwingi lakini mfuko umekauka.

Hatua ya 1: Andika miaka, si ndoto

Nunua kaunta buku moja ya familia. Ukurasa wa kwanza andika jina la kila mtoto, na mbele yake miaka ya mabadiliko makubwa. Kwa mfano, mtoto aliyeingia kidato cha kwanza Januari 2026 atafanya mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa 2029, ataingia kidato cha tano Julai 2030, atamaliza cha sita Mei 2032, na mwishoni mwa mwaka huo anaanza chuo kikuu. Fanya hivyo kwa kila mmoja, kisha tafuta miaka inayogongana. Kama mkubwa anaingia chuo mwaka uleule ambao wa pili anaanza kidato cha tano, zungushia mwaka huo wino mwekundu. Ukiuona sasa, una miaka ya kujiandaa.

Ukurasa wa pili andika gharama halisi za mwaka. Ada ya shule za serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016 kwa shule ya msingi hadi kidato cha nne, na kwa kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Hata hivyo sare, viatu, madaftari, chakula cha mchana na nauli bado ni vya mzazi. Kwa mwanafunzi wa bweni ongeza godoro, tranka, ndoo na mashuka. Andika kila kitu, hadi kalamu.

Ukurasa wa tatu andika mapato, na hapa mji wetu una tabia yake. Mwalimu au nesi anajua mshahara wake wa kila mwezi. Mwongoza wageni au mpagazi wa mlimani hajui; anapata vizuri Juni hadi Oktoba, tena Desemba hadi Februari, na mvua za masika za Aprili na Mei zikianza anakaa nyumbani. Mkulima wa kahawa naye anasubiri mavuno na malipo ya chama chake cha msingi. Kama kipato chako kina msimu, usipange akiba ya kiasi kilekile kila mwezi, maana utaivunja mwezi wa Aprili. Panga kuweka sehemu kubwa msimu wa neema, na miezi ya ukata usiweke chochote, ili mradi hutoi.

Hatua ya 2: Vyeti na kliniki

Hatua hii ni fupi, lakini nimeona vijana wakikwama kwa sababu yake. Chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto mapema, na hakikisha majina yaliyo kwenye cheti ndiyo yanayoandikwa shuleni, herufi kwa herufi. Mtoto anayeitwa jina moja kwenye cheti na jingine kwenye matokeo ya mtihani atakuja kuhangaika na viapo vya mahakamani siku ya kuomba mkopo wa chuo, kwa kuwa Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo.

Kliniki usikatishe baada ya chanjo ya surua. Wasichana wana chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ndio uliofanyiwa majaribio yake mwaka 2014 kabla ya kwenda nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 inatolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haina malipo. Kuhusu bima, nchi ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na vifurushi vinabadilika, kwa hiyo nenda mwenyewe ofisi ya mkoa ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, uulize familia yako inaingia wapi. Nasisitiza bima kwa sababu ya kihesabu: akiba nyingi za elimu zinazotolewa kwetu kabla ya wakati huondoka kwa ajili ya ugonjwa.

Hatua ya 3: Miaka minane ya mwanzo, toa muda

Hapa ndipo pa kukaa. Serikali yenyewe, katika programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa mwaka 2021, imetaja nguzo tano za mtoto mdogo: afya bora, lishe, ulinzi na usalama, ujifunzaji wa awali, na malezi yenye mwitikio. Ukiziangalia utaona kwamba nyingi zinadai uwepo wako kuliko pochi yako.

Anza na sahani. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo, sisi wa huku tuna kosa la kuamini ndizi kupita kiasi. Mtori ni chakula kizuri, lakini mtori wa ndizi na mafuta tu humshibisha mtoto bila kumjenga. Weka nyama iliyosagwa, maharage yaliyopondwa, dagaa, yai, maziwa, parachichi la hapohapo kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani. Hivi vyote vinapatikana soko la Mbuyuni kwa bei ambayo ni ndogo kuliko ile ya juisi za pakiti na biskuti tunazowatia watoto kwenye begi.

Maji nayo. Sehemu za Arumeru, Hai na Siha zina maji yenye madini ya floridi kwa wingi, na meno ya kahawia tunayoyaona kwa watu wengi wa maeneo hayo yalianza kuharibika utotoni, wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi. Madoa hayo hayaondoki kwa kupiga mswaki. Kama unaishi huko, mpe mtoto mdogo maji kutoka chanzo kinachojulikana kuwa salama, au kinga maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, na punguza magadi kwenye maharage, kwa kuwa nayo hubeba floridi. Kuchemsha maji hakuiondoi.

Sasa maongezi. Mtoto hujifunza lugha kwa kujibiwa. Redio haimjibu, na katuni kwenye simu haimjibu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Ongea naye ukimenya ndizi, ukifua, ukimsubiri muuza maziwa. Na ongea kwa lugha unayoimudu. Nasikitika ninapomsikia mama mwenye Kiswahili kitamu na Kichaga cha Kibosho kilichonyooka akimsemesha mtoto Kiingereza cha maneno thelathini, kwa hofu kwamba atachelewa shuleni. Mtoto aliyesikia hadithi ndefu kwa lugha ya nyumbani anaingia darasani na akili iliyozoea kufuata mambo marefu. Kiingereza kitamkuta hapo.

Mzazi anayetoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku ataniuliza muda huo autoe wapi. Swali ni la haki, na majibu ninayoyaamini ni haya.

Kwanza, tafuta dakika thelathini ambazo hazina simu. Kwa dereva wa bodaboda, inaweza kuwa kurudi nyumbani saa kumi na mbili unusu, kula na watoto, kisha kurudi kijiweni wateja wa usiku wanapoanza. Unapoteza safari moja au mbili. Ihesabu kama ada.

Pili, mchukue mtoto kwenye kazi inayomruhusu kuwepo. Jumamosi mpeleke kihambani akate majani ya ng'ombe nawe, ahesabu mikungu, aulize kwa nini mgomba huu umeegemezwa mti na ule haujaegemezwa. Mama mwenye genge anaweza kumpa mwana wa miaka saba kazi ya kupanga mafungu ya nyanya na kurudisha chenji. Anajifunza hesabu, na anajifunza wewe ni nani.

Tatu, na hili linasahauliwa sana: anayekaa na mtoto saa nyingi kuliko wewe ni dada wa kazi. Basi yeye ni sehemu ya uwekezaji wako. Awe mtu mzima, mlipe kwa wakati, mpe siku ya mapumziko, na umfundishe unachotaka: chakula kipi saa ngapi, televisheni inazimwa lini, mtoto akianguka afanye nini. Dada anayedharauliwa na kubadilishwa kila baada ya miezi mitatu anamwachia mtoto pengo kila anapoondoka, na mara nyingine madhara makubwa zaidi. Kama mtoto analelewa na bibi kijijini, huko Uru au Marangu, mshukuru Mungu kwa bibi, lakini panda gari ukamwone mtoto. Fedha ya kwenye simu haimkumbatii mtu.

Usiku, soma. Maktaba ya mkoa ipo hapa mjini, na vitabu vya hadithi vya Kiswahili vinauzwa kwa bei ya soda chache. Mzazi asiyejua kusoma vizuri asimulie. Hadithi za sungura na fisi hazihitaji cheti.

Na cheza naye, au mwache acheze. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeutaja mchezo na mapumziko katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, kama wajibu wa mzazi. Mtoto wa miaka sita anayetoka shule na kuingizwa moja kwa moja twisheni ananyimwa haki iliyoandikwa.

Hatua ya 4: Chagua shule kwa kalamu

Siyapingi mashule ya kulipia. Zipo nzuri hapa Moshi, na mzazi mwenye uwezo alipe bila kuona haya. Ninachopinga ni kulipa kwa mkopo. Kanuni ninayowapa wanachama wetu ni hii: kama baada ya kulipa ada ya shule ya msingi huwezi kuweka hata shilingi moja kwa ajili ya sekondari na chuo, ada hiyo ni kubwa mno kwako. Shule ya serikali ya karibu, yenye mwalimu mkuu makini na mzazi anayekagua madaftari kila jioni, itamfaa mtoto kuliko shule ya gharama ambayo atafukuzwa kila muhula kwa kudaiwa.

Bweni kwa watoto wadogo halina mjadala tena. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2023 umezuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Mimi naona ulichelewa. Kama mtu anakushawishi umpeleke mtoto wa miaka saba akalale shuleni "ajifunze kujitegemea", mwambie hapana.

Kabla ya kuchagua, nenda shuleni siku ya kawaida, isiyo ya mahafali. Tazama vyoo. Uliza darasa lina watoto wangapi, chakula kinapikwa wapi, adhabu hutolewa vipi. Waulize wazazi wawili ambao watoto wao wameshahama.

Hatua ya 5: Iue Januari mwezi wa Novemba

Hapa kwetu Desemba ina nguvu. Ndugu wanarudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kila kona, nyumba zinapakwa rangi, mbuzi anachinjwa, na vikoba vingi vinavunjwa wiki hizohizo. Fedha iliyowekwa kwa jasho la mwaka mzima inapita katikati ya sherehe, na tarehe mbili Januari mama yuleyule aliyepokea mgao anakuja kukopa sare.

Suluhisho linajulikana, linahitaji uamuzi tu. Tuseme gharama za Januari kwa watoto wako wawili wa shule ya serikali ni shilingi 420,000. Hiyo ni 35,000 kwa mwezi, au takriban 1,150 kwa siku. Mfungulie fedha hii akaunti yake, ya benki au ya simu, isiyochanganyika na mtaji. Kama uko kwenye kikoba, pendekezeni mgao utoke mwanzoni mwa Novemba, na mkubaliane kwamba kila mzazi ananunua vifaa vya shule kwanza. Novemba mafundi cherehani hawajazidiwa na kitambaa hakijapanda bei. Viatu na mabegi yatafute masoko ya Memorial au Kiboriloni kabla umati haujafika. Kinachobaki kipeleke sikukuu kwa amani.

Hatua ya 6: Jenga mfuko wa miaka mingi

Huu ndio mfuko wa kidato cha tano na chuo. Anza nao mtoto akiwa mdogo, wakati ule ambao hatua ya 4 imekuokolea ada.

Angalia hesabu. Ukiweka shilingi 50,000 kila mwezi tangu mtoto ana miaka 5 hadi afikishe 18, umeweka milioni 7.8 za mfukoni mwako. Kama mahali ulipoziweka panaleta wastani wa asilimia 10 kwa mwaka, na faida hutoi, utakuta karibu milioni 15.9. Ukisubiri mtoto afike miaka 12 ndipo uanze, kwa kiasi kilekile utakuta kama milioni 4.9 tu, na ili ufikie milioni 15.9 utalazimika kuweka zaidi ya 160,000 kila mwezi. Kumbuka pia bei zinapanda: kwa mfumuko wa asilimia 3.5 kwa mwaka, milioni 15.9 za miaka 13 ijayo zitanunua kile kinachonunuliwa leo kwa takriban milioni 10. Ndiyo maana fedha ya miaka mingi haikai kwenye kibubu.

Iweke wapi? Nitasema ninavyoviona vinafaa kwa watu wa kipato cha kawaida.

Chama cha akiba na mikopo. Nakitaja kwanza kwa kuwa ndipo ninapofanyia kazi, na ninakiamini, lakini uliza leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika kabla ya kuweka hata senti. Hudhuria mkutano mkuu, sikiliza mahesabu yakisomwa. Chama ambacho wanachama hawaulizi maswali kinaoza.

Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, taasisi ya serikali inayokusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza kwa niaba yao. Mfuko wa Watoto ulianzishwa mwaka 2008 kwa ajili ya jambo hilihili, na kiwango cha kuanzia ni kidogo kiasi kwamba muuza mboga anaweza. Faida yake hupanda na kushuka, kwa hiyo usiutumie kwa fedha utakayoihitaji mwezi ujao.

Hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, yaani unaikopesha serikali kwa miaka maalumu nayo inakulipa riba. Unaanza na shilingi milioni moja, na riba inalipwa kila baada ya miezi sita. Hili la miezi sita ndilo linalonivutia kwa mzazi: aliyeuza ng'ombe wawili au kupata kiinua mgongo anaweza kununua hatifungani ya miaka 10 au 15, akalipia mahitaji ya shule kwa riba, na mtaji ukarudi mtoto akiwa chuoni. Benki yako inaweza kukufungulia akaunti ya kununulia.

Shamba. Mparachichi wa kubebesha wa aina ya Hass huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Mgrivilea uliopandwa mpakani mtoto akiwa kliniki utakuwa mbao akiwa sekondari. Kwa mtu mwenye kihamba hii ndiyo akiba ya bei rahisi kuliko zote. Lakini kihamba chenyewe usikiuze kwa ajili ya ada. Nimeona familia zilizofanya hivyo. Mtoto alisoma, na wadogo zake wakakosa pa kusimama.

Mahali pa kukimbia ni palepale panapoahidi kuzidisha fedha kwa wiki chache. Waliokuwepo mwaka 2009 DECI, ule upatu wa "kupanda na kuvuna" fedha, ilipofungwa wanajua fedha ngapi za ada zilikwenda na "mbegu" zile. Majina yanabadilika na sasa yanakuja kwa simu, mchezo ni uleule.

Baba na mama wote wawili wajue fedha iko wapi. Andika kwenye kaunta buku jina la taasisi, namba ya akaunti na msimamizi uliyemteua. Mume akificha akiba "mke asijue", siku akifariki watoto ndio watakaokosa, na ndugu watagombana juu ya karatasi wasizoziona.

Hatua ya 7: Miaka tisa hadi kumi na tatu, fuatilia

Kabla ya kulipia twisheni, mpeleke mtoto apimwe macho na masikio. Hospitali ya KCMC ina kitengo cha macho, na hospitali ya Mawenzi iko katikati ya mji. Watoto wengi wanaoitwa wazito darasani hawaoni ubao. Miwani moja inaweza kufanya kazi ambayo twisheni ya mwaka mzima isingefanya.

Pili, hesabu usingizi. Mtoto wa miaka 9 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa usiku. Ukimwamsha saa kumi na moja kasoro apande gari la shule, na anamaliza kazi za nyumbani saa nne usiku, umemnyima saa mbili au zaidi kila siku, na hakuna mwalimu wa kuzirudisha.

Umri huu pia ndio wa kumfundisha fedha kwa mkono. Mpe fungu lake la wiki, dogo, na likiisha limeisha. Mtume Mbuyuni na orodha, arudi na chenji na maelezo. Mfungulie akaunti ya mtoto benki, aone jina lake limeandikwa. Amana za benki zina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi 7,500,000 kwa mtu katika kila benki, kwa hiyo hapo pana usalama.

Hudhuria vikao vya wazazi. Baba, nakuomba wewe hasa: vikao vya shule si vya kina mama peke yao. Mwalimu anayekujua kwa sura atakupigia mambo yakianza kuharibika, na si yakishaharibika.

Hatua ya 8: Kumi na nne kwenda juu, fungua mfuko

Sasa fedha itoke, kwa mpango. Mkalishe kijana mezani na kaunta buku ile. Muonyeshe kilichopo, kilichokosekana, na anachoweza kuchagua. Vijana wa umri huu huchukua maamuzi mazito vizuri zaidi wakiambiwa ukweli wa nyumbani kuliko wakifichwa.

Njia ziko nyingi, na chuo kikuu ni mojawapo tu. Sera ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2023 imeweka miaka kumi ya elimu ya lazima na mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na kazi, sekondari. Chuo cha ufundi stadi cha VETA Moshi kipo. Cha hoteli na utalii kiko Njiro, Arusha, safari ya saa mbili hivi. Kwa mkoa unaoishi kwa mlima, kijana mwenye fani ya mapishi au umeme na lugha moja ya kigeni zaidi ya Kiingereza hawezi kulala njaa kirahisi. Mzazi anayemlazimisha mwanae kidato cha tano kwa aibu ya majirani anachoma fedha na miaka miwili ya mtoto. Wapo pia vyuo vikuu hapahapa, cha Ushirika na cha Mwenge, ambako kijana anaweza kusoma akilala nyumbani. Gharama ya chumba na chakula inaweza kupita ada yenyewe.

Muda usiuondoe kabisa. Kijana hataki tena hadithi ya sungura, anataka mtu wa kutembea naye bila kuhojiwa. Nendeni pamoja dukani, shambani, kanisani au msikitini kwa miguu. Mambo ya mwili, mapenzi, pombe na kamari za simu yatajwe nyumbani kabla ya mtaani. Na kila mtoto aijue kwa kichwa namba 116, ya huduma kwa mtoto, ambayo hupigwa bure.

Kama umechelewa

Huenda unasoma haya na mkubwa wako yuko kidato cha nne, mfuko hauna kitu. Bado una kazi ya kufanya, na ifanye wiki hii. Simamisha kwanza mikopo mipya ya watoto wadogo. Kama kuna mdogo aliye kwenye shule ya kulipia inayokuelemea, mhamishe mwisho wa mwaka, umweleze sababu kwa heshima. Kiasi kilichookoka kielekeze chote kwa mkubwa, na kiweke mahali kinapotoka haraka, si kwenye hatifungani ya miaka 15.

Kisha anza makaratasi ya Bodi ya Mikopo mapema. Dirisha la maombi hufunguliwa katikati ya mwaka, na wengi hukosa kwa nyaraka kuliko kwa vigezo. Hakiki cheti cha kuzaliwa RITA, na kama mzazi mmoja amefariki hakiki na cheti cha kifo. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi inakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, kwa hiyo hata anayekwenda chuo cha kati aulize. Mkopo huo utalipwa na kijana mwenyewe baada ya masomo, awe ameajiriwa au amejiajiri. Mweleze hivyo kabla hajasaini.

Ukibakiwa na upungufu, itisha kikao cha ukoo Desemba, wakati wote wako nyumbani. Njoo na karatasi inayoonyesha gharama ya mwaka mzima, ulichonacho na kinachopungua, na uombe kila mmoja ataje kiasi na mwezi wa kutoa. Baba mdogo wa Dar na shangazi wa Mwanza huahidi kwa urahisi wakiwa na sahani mkononi. Andika majina na tarehe kwenye kaunta buku mbele yao, wasaini, na mwezi ukifika wapigie siku tatu kabla.